Mchana kuta, usiku kanuni: mwisho wa juma Mji Mkongwe

Mdogo wangu wa kike hupiga kinanda kanisani kwao Tabata, na mimi ni mkadiriaji majenzi. Basi tulipokubaliana kuvuka kwenda Unguja mwisho wa juma, ubishi ulianza kabla hatujakata tiketi za boti. Yeye alitaka muziki wa kupigwa na watu anaowaona vidole, si wa spika ya hotelini. Mimi nilitaka majumba. Mji Mkongwe nilishaupita kikazi, lakini safari ya kikazi ni bandarini hadi ofisini, ofisini hadi bandarini, katikati jasho tu. Tukaafikiana kwamba mchana ni wangu na usiku ni wake, na kwamba hatanicheka nikisimama kupapasa kuta za watu.

Mapatano yakavunjika Ijumaa ileile, wala si kwa ugomvi. Tulifikia Kiponda, katika nyumba ya zamani ya ghorofa iliyogeuzwa kuwa ya wageni. Mdogo wangu akafungua chumba chake, akatazama mbele, akatazama kulia na kushoto, kisha akaniita: "Kaka, hiki ni chumba au ni korido?"

Kilikuwa chumba, kirefu na chembamba. Nikamwonyesha dari, boriti za mikoko zimelazwa sambamba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa hawaiwezi kirahisi, ila urefu wake unaofaa kubeba sakafu hauzidi sana mita tatu. Kwa hiyo upana wa chumba ulikwisha kuamuliwa na mti huko mikokoni kabla fundi hajachimba msingi. Akitaka chumba kikubwa zaidi atakirefusha, kukitanua hawezi. Ndiyo maana ukitazama ramani za nyumba hizi unaona vyumba virefu vimeuzunguka ua, vingi kwa upana uleule. Na kuta ni nene, nusu mita na zaidi, kwa sababu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa haina nguvu ya saruji, hivyo ukuta unaupata uimara wake kwenye unene.

Nilikuwa bado naeleza alipopiga kofi. Akasikiliza. Akapiga tena, kisha akaimba ngazi ya noti, juu na chini, taratibu halafu haraka. "Kanisani kwetu," akasema, "nikipiga noti mbili za haraka zinagongana ukutani. Hapa kila moja inakaa peke yake." Nikatazama upya kile chumba. Dari ina mabonde na vilima vya boriti, ukutani kuna zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, na lipu ya chokaa haikunyooka hata mahali pamoja. Sauti haipati ubapa wa kugonga na kurudi nzimanzima. Miaka yote nimezipima kuta kwa mita za mraba na mifuko ya saruji, na sikuwahi kupiga kofi kwenye chumba cha mteja.

Tangu hapo hapakuwa tena na mchana wangu na usiku wake.

Tulianza na Forodhani kwa sababu kila mtu huanzia huko, na kwa sababu Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, iko pale. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na kwa mtu wa fani yangu ajabu yake si umeme wala lifti, ingawa ndivyo vilivyowashangaza watu wa wakati huo. Ajabu ni kwamba inazivunja sheria za boriti. Barghash aliagiza nguzo na mihimili ya chuma kutoka ng'ambo, na kwa chuma akaweza kupata kumbi pana na veranda zinazozunguka jengo ghorofa kwa ghorofa, mambo ambayo mkoko usingeyakubali. Mnara wa saa unaojulikana na wote haukuwa sehemu ya jengo la mwanzo. Ulikuja baada ya tarehe 27 Agosti 1896, siku meli za Waingereza zilipoipiga mizinga ikulu kwa muda usiofika saa moja.

Tulipokwenda, jengo lilikuwa limezungushiwa uzio na jukwaa za mafundi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele ilianguka, mnara ukiwamo, wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Sitajifanya kuhukumu nikiwa nje ya uzio. Nasema tu kwamba chuma kando ya bahari ni deni, na hulipwa kila mwaka.

Mdogo wangu hakujali sana chuma. Aliponiuliza huyu Barghash ni yupi, nikamwambia ni yuleyule anayesimuliwa kwamba alitaka muziki wa Kimisri kwake, na kwamba kijana aitwaye Mohamed Ibrahim alipelekwa Cairo kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, akarudi kuwafundisha wengine. Akasimama. "Kwa hiyo mtu aliyeleta nguzo ndiye aliyeleta taarabu?" Ndivyo inavyosimuliwa. Aliagiza chuma huku, akaagiza muziki kule, na vyote viwili vikatua ufukwe mmoja. Mwaka 1905, Barghash akiwa amekwisha fariki, vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, na kundi hilo lipo mpaka leo. Nilipokuwa nikiyasema hayo kijana wa kuuza miwa alitusogelea akasahihisha jambo moja kuhusu mtaa wa kilabu chao, bila kuulizwa. Unguja historia ni mali ya umma.

Sasa nisemee jinsi ya kuupata muziki, kwa maana hapa watu wengi wa bara hupotea. Mjini kuna maonyesho ya hoteli na mikahawa ya juu ya paa, saa moja ya udi wa nyuzi na ngoma ya dumbaki wakati jua linazama. Si mabaya, na wapigaji ni hodari, wengine wamepita Dhow Countries Music Academy, chuo kilichokuwa kwa miaka mingi kwenye jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani. Kuna pia Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, ambako kila Februari tangu 2004 hufanyika tamasha la muziki la Sauti za Busara, isipokuwa mwaka 2016 fedha zilipokosekana. Ukibahatika kwenda Februari, nenda, na chumba ukishike mapema. Sisi hatukwenda Februari. Tulifanya jambo rahisi zaidi, tukauliza vilabu vinafanya mazoezi lini.

Mazoezi ni bora kuliko onyesho, na hili sitabishana na mtu. Kwenye onyesho unapewa nyimbo. Kwenye mazoezi unaona zinavyoshonwa.

Culture Musical Club, walioanza 1958, wana kilabu chao Vuga. Tulipiga hodi usiku baada ya Isha. Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni akatutazama, akasema, "Mbona mwasimama? Kaeni, wanangu, kaeni." Hakuna aliyetuuliza kiingilio, lakini mdogo wangu alikuwa amejifunga mtandio na mimi nimevaa shati la mikono mirefu, na nadhani vilisaidia. Ukumbi ni wa kawaida kabisa. Viti vya plastiki, feni, picha za wazee ukutani. Wapigaji walikaa kwa safu: fidla mbele, kanuni katikati, udi, akodion, selo, nyuma dumbaki na rika, lile tari dogo, na besi kubwa limesimama pembeni na mwenyewe. Wakaanza na bashrafu, ule utangulizi usio na mwimbaji, ambao kila chombo kinafuata njia moja ya sauti na kila kimoja kinaitembea kwa mwendo wake.

Mdogo wangu alikuwa ameinama mbele. Kinanda chake kina noti nyeupe na nyeusi, na kati ya nyeupe na nyeusi hakuna kitu. Mpigaji wa kanuni ana nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatutatu, na ubavuni ana vibao vidogo vya chuma anavyovipandisha na kuvishusha kwa kidole katikati ya wimbo ili noti ipande au ishuke kwa kiasi kidogo kuliko nusu. "Ameipitisha katikati," akaninong'oneza. "Umesikia? Ameipitisha katikati!" Sikuwa nimesikia. Nilisikia kwamba imependeza. Mara ya tatu au ya nne nikaanza kuitambua, noti inayoegemea jirani yake bila kumgusa.

Katikati ya wimbo mmoja kiongozi akasimamisha kila mtu. Fidla moja ilikuwa imechelewa kuingia. Wakarudia. Ikachelewa tena. Yule mzee wa mlangoni akacheka kwa sauti, na mpigaji fidla naye akacheka, wakarudia mpaka ikaingia. Kisha mwimbaji wa kike akasimama. Alikuwa amekaa muda wote na simu yake kama mtu asiyehusika. Aliimba akiwa na uso mkavu, mikono imetulia, maneno yakienda kwa mafumbo. Nilielewa nusu, na nusu hiyo haikuwa ya kuandikwa hapa. Kina mama waliokuwa wamekaa nyuma wakainuka mmoja mmoja, wakatembea polepole kwa mdundo, noti ya fedha imeshikwa juu kwa vidole viwili, wakaja kumtunza. Hata kwenye mazoezi! Mdogo wangu akaniangalia. Nikampa noti. Akaenda, na mwendo wake ulikuwa wa mtu wa Tabata, lakini alitunza.

Jumamosi asubuhi tulitembea kutafuta milango. Ushauri wangu ni kwenda mapema, kabla ya saa tatu, maduka hayajatandaza vitenge na picha juu ya nakshi. Kuna milango ya mtindo wa Kiarabu, yenye kizingiti cha juu kilichonyooka au kilichopinda na maandishi au majani yaliyochongwa, na kuna milango ya Kigujarati, yenye vibao vidogo vinavyokunjana na ambayo wenye maduka waliipenda kwa sababu hufunguka sehemu tu. Misumari mikubwa ya shaba unaikuta kwenye aina zote, na asili yake husemwa ni India. Nyumba yenyewe huenda haina pambo lolote nje. Mwenyewe aliiweka fedha yake yote mlangoni, mahali ambapo mgeni atasimama kungoja.

Jengo la Zahanati ya zamani, pale Mizingani, ni kinyume chake. Lile linajionyesha: roshani za mbao zilizokatwa nakshi kama lesi, rangi ya kijani, vioo vya rangi. Mfanyabiashara wa Kihindi, Tharia Topan, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887. Akafa 1891 kabla halijaisha, na mjane wake akaendelea nalo mpaka likakamilika 1894. Miaka ya 1990 lilikarabatiwa vizuri. Nilisimama pale muda mrefu nikimweleza mdogo wangu jinsi mbao zile zinavyotengeneza kivuli bila kuzuia upepo, mpaka akanikatiza. "Na Siti naye alikwenda India, si ndiyo?"

Ndiyo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeingia mjini akiuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wachonga nakshi walikuja kwa njia ileile aliyoifuata Siti kwenda, ila wao walikuja wakibeba patasi na yeye akaenda akibeba sauti. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizichukua nyimbo za Siti akazipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Kwa hiyo mlango na wimbo ni watu wa ukoo mmoja, na nilihitaji mpiga kinanda kuliona hilo.

Kuna nyumba moja ambayo sitaitaja, karibu na Hurumzi, imepigwa lipu ya saruji kwa nje. Mwenyewe alidhani anaiokoa. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya chini na ya mvua, na chokaa huyaachia yatoke. Saruji huyafungia ndani, chumvi ikajikusanya nyuma yake, na baada ya muda lipu inabanduka kwa mapande na kutoka na uso wa jiwe. Nililiona pande moja chini, limebeba matumbawe mgongoni. Kwa yeyote mwenye nyumba ya zamani Unguja, Lamu au Bagamoyo: chokaa ni ghali zaidi kwa sababu mafundi wake wamepungua, lakini saruji utailipia mara mbili.

Jioni ile mwenye nyumba yetu alimwambia mdogo wangu kwamba jamaa yake ana harusi Ng'ambo na kutakuwa na kidumbaki. "Njoo na kaka yako, lakini yeye atakaa na wanaume."

Watalii wengi hawavuki Darajani, na hapo wanakosa nusu ya mji. Ng'ambo ndiko waliko watu. Ndiko yaliko pia majengo ya Michenzani, yale maghorofa marefu ya zege yaliyopangwa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Abeid Karume, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Vitabu vya wasafiri huyaita mabaya. Mimi nayaheshimu. Ukisimama katikati ya makutano unaona nia iliyokuwapo, kumtoa mtu kwenye kibanda cha udongo na kumpa bomba na choo ndani. Mzee mmoja niliyekaa naye barazani aliniambia alihamia mle akiwa mtoto na mama yake alikataa kulala siku ya kwanza, akiogopa kulala juu ya vichwa vya watu.

Kidumbaki chenyewe kilikuwa chini ya turubai, kwenye uchochoro. Fidla moja. Vidumbaki viwili vidogo vinavyopigwa na mtu mmoja. Mkwasa, vile vijiti vya kugonganishwa, cherewa za vifuu, na sanduku, lile besi la boksi, fimbo na uzi mmoja. Hakuna kanuni, hakuna karatasi za noti, na hakuna aliyekaa kwa safu. Nyimbo nyingine zilikuwa zilezile za taarabu nilizozisikia jana yake Vuga, ila zimevuliwa koti, na mwendo umeongezwa mpaka maneno yanakimbizana. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, sioni kitu isipokuwa migongo na mwanga, lakini sauti ilinifikia kwa ukuta wa matofali ulio nyuma yangu, ikanipiga mara mbili kila mdundo. Kuta nyembamba, mabati, saruji. Taarabu ya Vuga ingevurugika pale. Kidumbaki kiliipenda ile rabsha.

Mdogo wangu alitoka saa sita usiku, mtandio umelowa. Akasema wanawake walimfundisha kukata kiuno na kwamba nisimwambie mchungaji.

Jumapili alitaka ibada, na ya karibu ilikuwa Mkunazini, kanisa la Anglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa. Msingi uliwekwa 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa. Askofu Edward Steere, aliyekuwa pia mtaalamu wa Kiswahili, alitaka paa la tao la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na watu wakamtabiria litaanguka. Halijaanguka. Karibu na mlango mkubwa kuna nguzo zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini mafundi walipoziweka, na aliporudi akaziacha vilevile. Nilifurahi kuziona. Kila mkadiriaji anazo nguzo zake za namna hiyo.

Kwaya ilipoanza, paa la Steere likafanya kinyume cha chumba chetu cha Kiponda. Kila noti ilipanda, ikakaa juu, ikangoja ya pili. Nikaona kwamba kwaya inajua. Walikuwa wakiimba polepole kuliko kwaya za bara, wakiachia nafasi mwishoni mwa kila mstari. Mdogo wangu alikuwa akihesabu kwa vidole kwenye paja ni muda gani sauti inakaa.

Mambo mengine niyaseme haraka. Msipange zaidi ya jengo moja kubwa na muziki mmoja kwa siku. Msiweke muziki usiku wa kufika. Boti huchosha hata bahari ikiwa shwari. Mkiwa wa bara msisahau kitambulisho. Ijumaa mchana mji unapungua kwa ajili ya swala, huo ni wakati mzuri wa kutazama kuta na mbaya wa kutafuta mtu wa kukufungulia mlango. Usipige picha ya mlango ambao mtu amekaa mbele yake bila kumsalimia kwanza. Urojo uleni mchana, si usiku kabla ya kusikiliza taarabu, maana huwezi kutoka nje katikati ya bashrafu.

Niliporudi kazini nilikuta mteja wa Kigamboni ananingoja na mchoro wa nyumba yenye sebule ya mita saba kwa nane, dari ya jipsamu, vigae sakafuni, vioo upande mzima wa bahari. Nikamuuliza kama ana watoto. Akasema wanne. Nikamwambia kwamba katika sebule ile hatamsikia hata mmoja, atasikia wote. Nikampendekezea kuta nene zaidi, dari ya mbao yenye mihimili inayoonekana, veranda mbele ya vile vioo. Akataka bei. Nikampa. Akaguna, akasema ukuta wa namna hiyo hana fedha yake, na kweli hana. Lakini veranda ameikubali, na dari tunaendelea kuibishania.